Si Chuma, Si Udongo, Si Nguo

Katika kijiji cha Pipra hakuna siri iliyopata kuanguka kisimani ikabaki siri. Ndoo ikidumbukia, kombe la shaba likikatika kamba, ufunguo wa sanduku ukimponyoka mtu, njia ilikuwa moja tu: kwenda kwa Bibi Lakhpatiya kuazima kulabu. Ilikuwa chuma kizito chenye ndoano saba, alichoachiwa na marehemu mumewe pamoja na nyumba ya vyumba viwili na mbuzi mwenye hasira. Mwenye kuazima aliacha rehani, hata kijiko, maana huko wanasema kisima hakikurudishii cha ndani mpaka kione umeacha kitu nje. Hilo la rehani ni la mila, mababu walilikuta. Sharti la pili lilikuwa la Bibi Lakhpatiya mwenyewe: useme ni nini kilichoanguka.

"Nisipojua kitu nitajuaje kamba ya kukupa?" ndivyo alivyojitetea. Uongo mtupu. Kamba ilikuwa moja.

Kwa sharti hilo, miaka thelathini na zaidi, alijua nani aliizamisha chupa ya pombe kisimani ipoe mkewe asione, na mke gani aliitupa simu ya mumewe kwa hasira kisha akasema imeteleza. Naye hakuwa mtu wa kukaa na neno likachacha. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano, mkavu, mwepesi wa miguu, mwenye meno matatu na macho mawili yanayofanya kazi ya macho sita. Nyumba yake ilitazamana na kisima, na uzio wake wa mianzi ulikuwa na tundu lililoenea jicho lake barabara. Hakuwa mwovu, tusimsingizie. Ila aliamini kwamba mtu anayenyamaza ana jambo, na anayesema sana anaficha jambo. Ukiwatoa hao wawili, niambie wewe, nani amebaki?

Jambo moja alilojivunia, na kwa haki, ni tumbaku. Alitafuna tumbaku tangu usichana. Miaka miwili nyuma, wanawake wa Pipra walipokwenda kuoga mto Ganga siku ya mwezi mpevu, aliingia majini hadi kifuani akaapa mbele yao wote kwamba hatatia tena tumbaku kinywani. Akaacha kweli. Alitetemeka, akauma pindo la sari usiku kucha, akagombana na mbuzi, lakini akaacha. Kikopo chake cha pembe ya nyati, cha kuwekea chokaa ya kuchanganyia tumbaku, alikiweka rafuni kitupu, kila anayeingia akione. Na asiyekiona alionyeshwa.

Sasa, Jumapili moja ya mwezi wa Jeth, mwezi wa joto kali, mvua ziko mbali bado na kisima kimebaki maji ya kiunoni, Jagnarayan alikuja asubuhi akasimama mbele ya uzio.

Jagnarayan alikuwa mgane wa miaka hamsini na mitano. Alifanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha magunia huko Kalkata, akarudi na redio, mwavuli, na meno thelathini na mawili meupe pe. Meno hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri yake. Akimkuta mtu anatafuna tumbaku, alimsimamisha njiani: "Mswaki wa mwarobaini, bwana! Asubuhi na jioni! Tazama hapa!" Akafunua mdomo kama mlango wa duka. Watoto walimkimbia.

Asubuhi hiyo kitambaa chake cha begani kilizungushwa usoni mpaka chini ya macho. Alisimama, akakohoa, akachungulia uani.

"Karibu, mwanangu," alisema Lakhpatiya. "Kimeanguka nini?" Aliuliza kwa mazoea, kwa kuwa saa ile hakuna aliyekuja kwake kwa jambo jingine.

Jagnarayan alimtazama kwa macho mekundu. Kisha akatikisa kichwa, akageuka, akaenda zake. Hakusema hata neno moja, yeye ambaye ukimwuliza njia ya sokoni hukupa na hadithi ya soko.

"Huyu ana jambo," alijisemea Lakhpatiya, na jicho likarudi tunduni.

Jumatatu habari ikathibitishwa na mama yake Jagnarayan, Bi Sonmati, kikongwe asiyeona mbali lakini asikikaye mbali sana. Alikaa penye bomba la mkono, wanawake wanapojaza ndoo, akalia.

"Mwanangu hasemi! Hali! Chapati haigusi, anakunywa unga wa dengu uliokorogwa na maji, basi. Kalala kaelekea ukuta. Jamani, mwanangu kafungwa mdomo!"

"Na nani?" aliuliza mmoja, ingawa kila mtu alikwisha kufika huko.

"Nani anampikia?" alisema Bi Sonmati.

Aliyekuwa akimpikia ni Binti Belwa. Huko mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kijiji alikotoka, jina lake la utotoni likabaki kwa mama yake. Binti Belwa alikuwa mke wa mdogo wake Jagnarayan, na mumewe alikuwa mbali, Surat, kwenye mashine za kufuma. Mwaka wa pili huu katika nyumba ile, na mtoto bado, jambo ambalo Bi Sonmati hakulisahau hata siku moja. Na shemeji wa huko si yule wetu wa kutaniana naye. Mdogo wa mume, sawa, mtanie utakavyo. Kaka mkubwa wa mume hasemeshwi, hatazamwi, haguswi yeye wala kitanda chake wala kitu chake. Yeye hukohoa mlangoni kabla ya kuingia, mwanamke akavuta sari usoni na kupotelea jikoni. Binti Belwa alikaa na Jagnarayan nyumba moja muda wote huo bila kusikia jina lake likitoka kinywani mwa yule mtu.

Jumanne, jua la utosini, kijiji kizima kimelala kwa joto, Binti Belwa alibisha uzioni. Akamgusa Lakhpatiya miguu kwa heshima, akaweka chini sahani ya shaba.

"Rehani hii hapa, bibi. Naomba kulabu."

"Kimeanguka nini, mwanangu?"

"Kitu tu."

"Kitu ni ndoo, kitu ni kombe, hata mimi ni kitu. Cha chuma?"

"Hapana."

"Cha udongo?"

"Hapana, bibi."

"Nguo?"

Binti Belwa alitikisa kichwa ndani ya sari.

"Si chuma, si udongo, si nguo. Kisima kimemeza upepo?"

"Bibi, nakuomba tu. Usiniulize."

Usiniulize! Ungemwambia fisi asinuse ungekuwa umesema neno la maana zaidi. Lakhpatiya alimrudishia sahani yake. "Kulabu yangu haiopoi kisicho na jina. Nenda."

Na jioni ile, penye bomba, ulimi ukatoka matembezini. Lakhpatiya hakusema "uchawi," hilo baadaye aliliapia. Alisema tu, polepole, akiwatazama mmoja mmoja: si chuma, si udongo, si nguo. Saa ya jua la utosini. Na hataki kuulizwa. Wanawake wakamalizia wenyewe. Hirizi! Imetupwa kisimani, na sasa anaogopa, anataka kuitoa. Kabla ndoo ya mwisho haijajaa, Bi Sonmati alikuwa amekata shauri kwamba Alhamisi mganga aletwe kutoka ng'ambo ya mto.

Kila mtu pale alijua mganga yule akinyoosha kidole mambo huishia wapi. Kijiji cha jirani alimwonyesha mwanamke kidole, akanyolewa kichwa, akasukumwa barabarani na nguo yake moja, na mpaka leo baba yake hajui yuko wapi. Lakhpatiya alilijua hilo alipokuwa akirudi nyumbani. Alijiambia: mimi nimesema nilichoona.

Jumatano, saa ya jua la utosini, alikuwa tunduni kabla ya wakati. Mwenye macho haambiwi tazama.

Binti Belwa alitoka amekumbatia mzigo. Alitazama huku, akatazama kule. Mzigo ulifunguliwa ukingoni: kioo cha kuchania nywele, kamba za kitanda zilizofumuliwa, jiwe la kusagia bizari, vyuma vya mwavuli mkuukuu, koleo la jikoni, na chekeche la waya la unga. Chekeche lenyewe alikuwa amelipinda ukingo mmoja likawa kama upawa mkubwa, na vyuma vya mwavuli amevifunga kando kama vidole.

"Chekeche!" alinong'ona Lakhpatiya. "Anachunga nini huko chini?"

Binti Belwa akaegemeza kioo kwenye tofali, akakigeuza mpaka jua likaruka kutoka juu yake likazama kisimani. Akafunga jiwe chini ya chekeche lipate kuzama, akaliteremsha kwa kamba mbili, moja ya kushushia, moja ya kukokotea. Akalala kifudifudi, kichwa ndani ya kisima. Akavuta. Tope na chura. Chura akaruka zake. Akateremsha tena: kipande cha bangili na gololi. Mara ya tatu jua lilikuwa limesogea, kioo hakikufika chini, akainuka akasogeza tofali, jasho likimdondoka puani. Ukingo ulikuwa wa moto kama kikaango, lakini alilala juu yake vilevile.

Mara ya sita alivuta taratibu mno, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Chekeche likafika juu. Ndani ya tope kilikuwamo kitu cheupe.

Hakukigusa. Hilo ndilo lililomsimamisha Lakhpatiya nywele. Binti Belwa alichukua koleo, akakibana kile kitu, akakisuuza kwenye ndoo, akakilaza juu ya jani la mgomba na kulikunja, yote hayo bila kidole kukigusa. Kitu kisichogusika kwa mkono ni kitu gani kama si kazi ya giza?

Lakhpatiya alitoka kama mkuki. Kabla Binti Belwa hajainuka, jani lilikuwa mkononi mwa bibi, limefunguliwa.

Meno yakamcheka.

Meno ya juu, safu nzima, meupe pe, na ufizi wake wa waridi.

"Meno ya maiti!" Sauti ilimkwama, bahati njema. Binti Belwa alikuwa amekwisha kumkumbatia miguu.

"Polepole, bibi! Polepole, watasikia! Ya shemeji!"

"Shemeji yupi?"

"Ninaye mwingine? Jumapili alikuwa hapa anasukutua mdomo. Akapiga chafya. Nikayaona yakiruka, mimi niko nyuma ya mlango. Akatazama kisimani, akatazama huku na huku, akajifunga kitambaa. Hajui kama nimeona."

Lakhpatiya aliyatazama yale meno. Mahubiri yote yale, mswaki wa mwarobaini, asubuhi na jioni, yalikuwa hapa juu ya jani. Kicheko kilimpanda mpaka kooni.

"Ndiyo maana ukayashika kwa koleo."

"Ni ya shemeji, bibi. Nitayagusaje?"

"Ungemwambia mama mkwe wako."

"Yule? Angetangazia dunia kabla sijamaliza. Na mzee yule, bibi, watu wakijua, atakaa wapi? Mume wangu mwenyewe akisikia atacheka mpaka Surat waulize kuna nini. Sijawahi kusikia neno baya kutoka kwa shemeji. Mama akinisimanga kwa ajili ya mtoto, yeye huwasha redio kwa sauti ili mimi nisisikie. Unadhani sijui?"

"Basi ungeniambia mimi!"

Binti Belwa aliinua macho. Kisha akasema, kwa adabu zote, "Ningekuambia wewe, bibi?"

Lakhpatiya akalikunja jani upya, akamrudishia.

"Hata yeye alikuja kwako," Binti Belwa aliendelea. "Jumapili ileile. Nilimwona amesimama uzioni, kisha akarudi mikono mitupu. Sasa angekwambia nini kimeanguka?"

Lakhpatiya akaketi ukingoni, joto lile lile, asilisikie. Siku tatu Pipra nzima ilikuwa ikimtafuta aliyemfunga Jagnarayan mdomo, na yeye akiongoza msako, na mfungaji alikuwa ni yeye, na swali lake la kila siku. Aliona haya, haya ya kweli, kama ambavyo hakupata kuona tangu alipoolewa.

"Kesho mganga anakuja," alisema.

"Najua. Wananong'ona pembeni lakini najua. Nguo zangu nimekwisha kuzifunga."

"Zifungue," alisema Lakhpatiya. "Na hilo jani nipe mimi."

Jagnarayan alikuwa amelala barazani, kitambaa usoni, akikoroma koromo la mtu asiye na meno ya juu. Bi Sonmati alikuwa ndani, naye amesinzia. Lakhpatiya aliingia kwa ncha za vidole, akayatumbukiza meno ndani ya kombe la shaba lililokuwa kando ya kitanda, akatoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliingia nyumba ya mtu bila kutazama kilichomo.

Alasiri ile sauti ya Jagnarayan ilisikika mpaka penye bomba, ikimgombeza mpita njia kwa sababu ya tumbaku. Bi Sonmati alikuja akicheka na kulia. Jina tu la mganga limetosha, alisema, uchawi umelegea! Lakini mganga aje vilevile, aje amwonyeshe mwenye mkono. Na mke mmoja wa jirani akadakia kwamba mtoto wake amemwona Binti Belwa mchana kisimani, ana kioo na koleo, anatoa kitu cheupe.

"Si Bibi Lakhpatiya alisema? Si chuma, si udongo, si nguo!"

Wote wakageukia alipokuwa amesimama. Lakhpatiya hakuwapo. Alikuwa amekimbilia kwake. Alisimama mbele ya rafu, akakitazama kikopo cha pembe, na ukweli usemwe, alikitazama kwa muda. Kisha akakichovya ndani ya mtungi wa maji, akatoka nacho kinachuruzika.

"Hiki hapa," aliwaambia. "Pembe, imekuwa nyeupe kwa chokaa. Si chuma, si udongo, si nguo. Mwaniangalia nini? Ni changu. Nilikuwa naegemea kisima Jumatatu usiku, natafuna tumbaku yangu, kikaniponyoka. Nikamtuma huyu mtoto wa watu akaniopolee kwa siri, nikamwapisha asiseme."

"Na kulabu yako?" aliuliza Bi Sonmati.

"Itaopoaje kikopo kidogo hivi? Na mimi nije kujisomea sharti langu mwenyewe?"

"Lakini Jumanne ulisema..."

"Nilisema ili msinishuku mimi! Mnataka nipige magoti?"

Kikapasuka kicheko. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakhpatiya! Aliyeapa ndani ya Ganga, maji kifuani! Aliyetuonyesha rafu kila tukija kuomba chumvi! Mmoja akamwuliza kama mto Ganga nao ulimwazima kiapo kwa rehani. Binti Belwa alikuwa nyuma yao na ndoo yake, sari mpaka kidevuni. Mwili wake ulikuwa ukitikisika, na haikujulikana kama ni kwa kilio.

Habari za mganga zikaishia hapo. Nani anahitaji mganga akiwa na kichekesho kama hicho?

Jioni Jagnarayan mwenyewe alikuja mbele ya uzio, na watu nyuma yake. Aliheshimu umri, alianza na "shangazi." Baada ya hapo hakuheshimu kitu.

"Shangazi, aibu! Kiapo cha Ganga! Kwa ajili ya jani chafu? Tazama!" Akafunua mdomo. Yalikuwapo yote, yanang'aa. "Haya unadhani yalinijia bure? Mswaki wa mwarobaini! Mtu hulinda alichopewa na Mungu!"

Lakhpatiya aliyatazama yale meno, jino kwa jino. Neno lilikuwa limemjaa kinywani, tamu kuliko tumbaku yoyote aliyowahi kutafuna. Alilimeza.

"Kweli, mwanangu," alisema. "Umenena kweli."

Tangu siku hiyo kulabu hutundikwa nje, kwenye mti wa uzio. Anayeitaka huacha rehani yake chini na kuichukua, haulizwi kitu. Na tangu siku hiyo Pipra haimwamini tena Bibi Lakhpatiya akisema jambo. Watoto humpita wakiimba kwamba chokaa imo kisimani, na wapo wanaomwachia majani ya tumbaku uzioni. Yeye humpa mbuzi.

Wiki ilipopita, siku ya gulio, Jagnarayan alirudi kutoka sokoni amebeba kitu kwapani. Lakhpatiya alikuwa tunduni, maana tabia haina dawa. Alimwona akisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Alikohoa. Hakuingia. Aliinama, akaweka juu ya kizingiti chekeche jipya la waya, akalipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama amegeukia barabarani. Mkono wenye bangili ukatoka mlangoni, ukasita, ukalichukua.

Yule mke wa jirani alikuwa akipita na ndoo kichwani. "Bibi," alisema, "huyo Jagnarayan tangu lini mwanamume akanunua chekeche? Na kwa nini kaliweka chini? Wewe umeona, niambie, kuna nini hapo?"

Lakhpatiya alitoa jicho tunduni.

"Sikuona," alisema.